Pizza ya Kukaanga Chini ya Meza

Ndugu zangu, leo nimepatikana. Naandika kwa kidole kwa sababu ulimi haufanyi kazi. Mliokuwa mnapiga simu tangu alasiri mkaona sipokei, sababu ndiyo hiyo. Neno pekee ninaloweza kulitamka vizuri kwa sasa ni "mmh".

Kwa wasionijua, mimi ni Shabani, fundi wa friji hapa Palma. Nina mchumba, Anchia. (Au nilikuwa naye. Someni mpaka mwisho.) Posa imepelekwa, baba yake hana neno, lakini mnajua mambo ya kwetu: baba wa binti anakukaribisha kahawa, mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wa Anchia, mzee Bakari, anauza vitambaa Mocímboa da Praia, na leo alikuja mahsusi kunitazama mimi. Akiridhika, naoa. Asiporidhika, nabaki na mafriji yangu.

Nilishamwomba dada yangu apike wali wa nazi na pweza. Mjomba akakataa kwenye simu. Akasema kila akija Palma anapewa wali wa nazi na pweza, mpaka pweza wenyewe wanamjua kwa jina. Alitaka nimpeleke mahali asipopajua. Basi mimi na kimbelembele changu nikasema twende kwa Mtaliano.

Kwa Mtaliano si mahali pa kutisha. Ni banda la makuti, viti vya plastiki, na meza zenye vitambaa vya mirabaraba myekundu na myeupe vinavyoning'inia mpaka karibu na sakafu. Mwenyewe alikuja na kazi za gesi, kazi zikasimama, wenzake wakaondoka, yeye akabaki na jiko lake. Mimi nilishawahi kuingia pale. Kutengeneza friji. Chakula chake sikuwahi kukionja, ila hilo sikuona haja ya kumsumbua nalo mjomba.

Tulifika baada ya sala ya adhuhuri. Mjomba kavaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Mimi nimevaa shati jipya la rangi ya krimu. (Kosa la kwanza.) Anchia alikuja kumsindikiza mjomba wake, akakaa upande wake, hanitazami usoni, kama adabu inavyotaka, huku simu yangu inatetemeka mfukoni kwa meseji zake: "kaa wima", "usiongee sana", "jasho".

Anayehudumia pale ni Celina, dada wa Kimakonde wa Mueda. Alipoleta karatasi ya vyakula, swali la kwanza la mjomba lilikuwa nguruwe. Celina akamtuliza, akamwambia mpishi ni Muislamu wa Mucojo, na nguruwe hajawahi kuingia jikoni mle hata kwa bahati mbaya. Mjomba akaridhika, akanisogezea karatasi.

"Agiza wewe, mwenyeji."

Karatasi imeandikwa Kiitaliano juu, Kireno chini. Nikaipitishia macho kama mtu anayetafuta chakula chake cha kila siku. Nikaona neno "frita". Frita nalijua, ni kukaanga. Batata frita, mandioka frita, nani wa huku asiyelijua? Nikamweleza mjomba, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba Wataliano wana pizza ya kuoka, hiyo ni ya kuwauzia wageni, na wana pizza ya kukaanga, hiyo wanakula wenyewe kwa wenyewe. (Sijui nililitoa wapi. Lilitoka tu.) Mjomba akasema daktari amemkataza mafuta kwa ajili ya presha, lakini daktari mwenyewe yuko Pemba. Tukaagiza za kukaanga, kila mtu yake.

Zikaja. Jamani. Lile lilikuwa andazi, lakini andazi lililopandishwa cheo. Limevimba, linang'aa mafuta, limetoka nje ya sahani pande zote mbili. Anchia akazipiga picha, kisha akampiga picha mjomba wake akitabasamu nyuma ya yake, akaziweka status hapohapo. Huyo ndiye ninayetaka kumuoa, naomba mkumbuke.

Tukanawa mikono. Nikamngoja mjomba aanze, maana mkubwa ndiye anayeanza. Mjomba akarudisha mikono yake mapajani.

"Anayejua ndiye imamu," akasema. "Tangulia, tukufuate."

Basi imamu nikatangulia. Nilijiambia hili ni andazi, na andazi nimelila tangu sijaota meno. Mama yangu kayauza maandazi, nayajua nje ndani. Likivimba vile, ndani lina hewa tu, unalibana kidogo na kung'ata bila wasiwasi. Nikalishika kwa mikono miwili, nikang'ata kipande cha mtu mwenye uhakika.

Ndani hapakuwa na hewa. Palikuwa na nyanya na jibini, vyote vimetoka kwenye mafuta yanayochemka dakika hiyohiyo, vimefungiwa mle vinamsubiri mjinga. Mvuke ukanipiga puani. Nyanya ikaruka, ikatua kwenye shati la krimu, ikajisikia nyumbani. Jibini nalo likaukamata ulimi likakataa kuuachia.

Sasa nifanyeje? Kutema mbele ya mjomba, haiwezekani. Kumeza moto ule, haiwezekani. Kufungua mdomo nipulize, pia haiwezekani, kwa sababu mjomba alikuwa ananitazama kwa makini sana. Alikuwa anajifunza. Machozi yakaanza kunitoka.

"Vipi?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kumaanisha tamu mno. Nikaivuta pizza itoke mdomoni, nipate nafasi ya kupumua. Pizza ikaondoka, jibini halikukatika. Nikanyoosha mkono, likanyooka nalo. Nikanyoosha mkono wote mpaka bega likalia, na uzi bado unatoka mdomoni mwangu umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mjomba akautazama uzi ule kwa heshima kubwa. Akaamini kwamba ndivyo inavyoliwa. Akameza mate, akaishika pizza yake, naye akanyoosha mkono kupima kama nafasi itamtosha.

Hapo ndipo tuliposikia mtu anakohoa nje.

Wenzangu wa huku mnakijua kikohozi hicho. Si cha mafua. Mama mkwe akikaribia mahali alipo mkwe wake wa kiume, anakohoa, ili mkwe apishe. Kwetu mama mkwe hamwoni mkwe akitafuna, na mkwe hamwoni mama mkwe akitafuna. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na kama bado unaposa, ndiyo kabisa: kuonwa na mama yake binti kinywa kimejaa ni kujikatalia posa kwa mdomo wako mwenyewe.

Alikuwa mama yake Anchia. Ameona status. Ameona mafuta, ameona kaka yake mwenye presha anatabasamu nyuma ya mafuta hayo, akapanda pikipiki, na Palma si kubwa.

"Kaka Bakari," akasema kutoka mlangoni, "unataka tukuzike kwa ajili ya andazi?"

Banda lile lina mlango mmoja, na yeye ndiye alikuwa mlangoni, bado kageuza uso pembeni ili kunipa nafasi ya kuondoka. Niondoke nipitie wapi? Nikajaribu kugeukia ukutani. Uzi wa jibini ukanifuata, ukapita mbele ya pua ya Anchia. Nikajaribu kuukata kwa vidole. Zikawa nyuzi mbili. Nikasikia kandambili zinakanyaga ndani. Nikaingia chini ya meza, pizza mkononi, na kitambaa kikashuka nyuma yangu.

Kule juu nikamsikia akiuliza kama yule kijana bado yupo. Mjomba akasogeza miguu yake kunipisha.

"Ametoka," akasema.

Ningeweza kumbusu miguu, na ilikuwa karibu kabisa. Nikadhani sasa mama ataongea na kuondoka zake. Badala yake akavuta kiti changu, akakaa. Kandambili zake zikaja kusimama mbele ya pua yangu. Nikajikunja mpaka magoti yakagusa masikio, maana kumgusa mama mkwe ni kesi nyingine kabisa, na mimi ile moja ilikuwa inanitosha.

Akaanza na mafuta. Alimsema kaka yake kuhusu daktari, kuhusu dawa anazosahau kumeza, kuhusu marehemu fulani aliyependa kukaanga. Akamnyang'anya ile pizza. Kukawa kimya. Kisha akasema anaonja kidogo tu, apate kujua mafuta yenyewe ni kiasi gani. Kukawa kimya zaidi. Kisha nikamsikia akimwuliza Anchia hii nyeupe inayovutika inaitwaje. Akaonja tena, kuhakikisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemeza. Sikuwa na njia nyingine. Nimejua leo koo langu linapita wapi, kipande kwa kipande, mpaka kitovuni.

Basi akauliza lile swali lenyewe, lile lililomtoa mjomba Mocímboa.

"Huyu kijana umemwonaje?"

Mjomba alijua vizuri niko wapi. Akajibu polepole, anafurahia kila neno. Akasema kijana si mbaya. Ana kazi yake. Kwenye kula ana haraka kidogo, lakini hata hilo huenda leo limepungua. Mama Anchia akasema yeye aliwahi kuniona kwa mbali sokoni, natembea mbio kama mtu aliyeiba kuku. Kazi haina shida, sura haina shida. (Asante, mama.) Hofu yake ni moja, vijana wa siku hizi hawana haya. Akasimulia kuhusu mkwe wa jirani yake, anamsalimia mama mkwe huku anatafuna mahindi ya kuchoma, punje zinamruka mdomoni, na wala hageuki. Mtu wa namna hiyo hawezi kumpa mwanawe.

"Mimi nataka mwenye haya tu, kaka. Mengine atafundishwa."

Ndugu zangu, moyo wangu uliruka. Haya ninayo! Ninayo mpaka imenifikisha hapa! Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya mpaka amalize pizza ya watu aende zake. Hilo tu. Nilimtaka Anchia kuliko nilivyotaka hewa, na hewa yenyewe kule chini nilikuwa naitaka sana.

Akaja paka.

Paka wa Mtaliano, mnene, hana haraka. Aliingia chini ya kitambaa, akanitazama mimi, akaitazama pizza, akafanya uamuzi. Nikamfukuza kwa macho. Akajibu kwa kuudaka uzi wa jibini ulioning'inia kidevuni mwangu. Nikavuta. Akavuta. Nikamwambia "shii" ndogo sana, ya kumbembeleza. Akaona amekaribishwa, akanipanda kifuani kwa kucha zote ili kuifuata nyanya ya shatini. Nikaogopa ataichukua pizza yote, nikaisukumia mdomoni kadiri ilivyoingia. Kisha kucha moja ikaingia nyama yenyewe, nami nikainuka, na kichwa kikapiga meza kutoka chini. Nilisikia chupa za soda zikiruka.

Mama Anchia akasema kuna kitu chini ya meza. Anchia akasema ni paka tu, mama, paka. Na paka yule, mnafiki mkubwa, akatoka upande wa pili akajinyoosha mbele ya watu wote, huku meza bado inatikisika.

Kitambaa kikainuliwa.

Tukatazamana. Mimi niko kwa miguu minne, nyanya imefika kwenye nyusi, mashavu yamejaa, natafuna. Yeye ameinama, mashavu yamejaa, anatafuna, na uzi wa jibini umetoka mdomoni mwake umepanda mpaka mezani kwenye pizza ya kaka yake. Mkwe ameonwa akitafuna. Mama mkwe ameonwa akitafuna. Hata masheikh sidhani kama wana jibu la hilo.

Yeye ndiye aliyepata akili kwanza. Akaivuta kapulana yake, ile kanga ya begani, akajifunika kichwa chote mpaka kifuani. Mimi sina kapulana. Nikavuta kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kitambaa cha meza, nikajifunika. Kila kilichokuwa juu yake kikanifuata, kasoro pizza ya mjomba: sahani, soda, na lile bakuli la maji ya kunawia, ambalo lilimalizikia mgongoni.

Nikabaki nimekaa sakafuni ndani ya mirabaraba, naona wekundu tu. Nikasikia Celina anakimbilia jikoni kucheka, na jiko lile halina mlango. Nikasikia wateja wa meza ya jirani wanatoa simu. (Nyinyi mliopata ile video kabla ya maandishi haya, sasa mnajua kilichotangulia.) Mjomba alikuwa anacheka bila sauti, nilijua kwa sababu kiti chake kilikuwa kinalia. Lakini mimi sikuwa na kicheko. Niliwaza kwamba nimemkosa Anchia, na nimemkosa kwa sababu ya andazi, na nilitaka kulia kweli.

Kisha mama Anchia akasema kutoka ndani ya kapulana. Hawezi kusema na mimi moja kwa moja, nami siwezi kusema naye. Ikabidi maneno yapitie kwa mjomba, aliyekaa katikati ya watu wawili waliojifunika.

"Kaka, mwulize huyo mtu, alikuwa humo tangu nilipofika?"

Mjomba akageukia kitambaa cha meza. "Unaulizwa, ulikuwa humo tangu alipofika?"

"Thiyo, mthomba," nikasema. Ulimi ulikuwa umevimba, ndiyo yangu ya kweli haikutoka.

"Mwulize kwa nini hakutoka."

Nikaeleza kwa ulimi huohuo kwamba mlangoni alikuwepo yeye, na mdomo wangu ulikuwa umejaa moto, na sikutaka anione natafuna, kwa hiyo nikaona heri niungue. Mjomba akayatafsiri yote kwa dada yake, neno kwa neno, kama vile mwenyewe hakuyasikia.

Nikamsikia mjomba akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu tukae akasema kama mjomba.

"Dada, uliomba mwenye haya. Huyu kaungua na hakufungua mdomo. Mimi kwa upande wangu nimemaliza."

Ndani ya kapulana nikasikia mtu anameza. Lile tonge alikuwa bado nalo, maskini, muda wote ule.

"Mwambie wazee wake waje, tupange siku," akasema. "Na mwambie mimi sikumwona. Na yeye hakuniona."

Akainuka, amejifunika vilevile, Anchia akamshika mkono kumwongoza mlangoni. Nikachungulia chini ya kitambaa na kuona kandambili zinaondoka. Na pizza ya mjomba imeondoka nazo, kwa ajili ya presha yake, bila shaka.

Nikatoka. Mjomba akanishika bega lililolowa, akaniambia nimtafutie sasa wali na pweza maana njaa inamuua.

Ndiyo hivyo. Posa imekubaliwa. Shati limekufa. Ulimi unabambuka, na kitambaa cha meza cha Mtaliano ninacho hapa nyumbani kwenye beseni, nimekiloweka, nikamrudishie na kumwomba msamaha. Anchia ameweka status tena: mimi nimejifunika kile kitambaa, na chini ameandika "bwana harusi". Nimemsihi aifute. Amekataa, anasema mama yake ameshaitazama na kusema hamfahamu mtu huyo.

Kwa hiyo nawaomba, msinicheke. Na mtu akishindwa kabisa kujizuia, ajifunike kwanza. Mimi sasa nina mkwe.